Wasomaji Wauliza: Likizo ya Desemba Ifutwe, Ifupishwe au Iachwe Ilivyo?

Kila muhula wa tatu unapokaribia kufungwa, barua za wasomaji wetu wa Uganda kuhusu likizo ndefu ya Desemba huongezeka mezani petu. Safari hii tumechagua saba. Nyingine zilifanana sana na hizi, na walioziandika watapata majibu yao humu humu.

Mama wa watoto wanne, Bwera, Kasese: *Wahariri, hamjambo? Mwanangu alifunga P.3 (darasa la tatu la msingi) akisoma bila shida. Februari ameingia P.4 anababaika kama hajawahi kushika kitabu. Miezi miwili yuko nyumbani tu. Kwa nini serikali isiifute likizo hii tukabaki na zile fupi?*

Mama, uchungu wako tunauelewa, ila kabla ya kuilaumu likizo mfanyie mtoto jaribio moja dogo. Mpe kitabu cha P.3 cha Lhukonzo, lugha ya eneo lenu, asome ukurasa mmoja kwa sauti. Akisoma vizuri, basi hajasahau kusoma. Kilichobadilika ni lugha. Tangu 2007 shule nyingi za vijijini hufundisha P.1 hadi P.3 kwa lugha ya eneo, na P.4 ndio mwaka wa kuhamia Kiingereza. Mtoto anafunga shule akisoma kwa lugha ya mama, anakaa wiki nane, kisha anafungua kwa lugha ambayo hakuwa na nafasi ya kuizoea. Likizo ya P.3 kwenda P.4 ndiyo inayohitaji uangalizi kuliko zote za msingi, na wazazi wachache huambiwa hivyo. Azima kitabu chepesi cha Kiingereza cha P.2, asome kurasa mbili kila siku, na kila neno jipya alitaje pia kwa Lhukonzo. Akikwama hata kwenye kile cha Lhukonzo, basi kweli amerudi nyuma, na jibu letu kwa shangazi wa Busia hapa chini litakufaa.

Sasa, kufuta. Tuchukue kalenda ya 2025. Muhula wa kwanza ulianza Februari 3 hadi Mei 2, wa pili Mei 26 hadi Agosti 22, wa tatu Septemba 15 hadi Desemba 5. Hizo ni wiki 13, 13 na 12, jumla 38. Likizo za Mei na Agosti ni wiki 3 kila moja, na ya Desemba ni wiki 8 hivi. Ukizijaza wiki hizo masomo, lazima mtu alipe wiki nane zaidi za posho (ugali) na maharagwe, na katika shule za UPE, yaani za elimu ya msingi kwa wote, chakula ni jukumu la mzazi. Ukizigawa kwenye likizo nyingine, siku za kusoma hazijaongezeka hata moja, zimehamishwa tu.

Tena kuna wiki nyingine zinazopotea ambazo hazimo kwenye barua yako. Wiki ya kwanza ya muhula, nusu ya darasa bado wanatafutiwa karo. Wiki ya mwisho ni mitihani, kusahihisha na kuandika ripoti. Ikiwa kila muhula unapoteza wiki moja mwanzoni na moja mwishoni, mwaka mzima umepoteza sita. Bado hujahesabu mtihani wa kufungulia na ule wa katikati ya muhula. Sisi tungeanza kuzidai wiki hizo kwanza. Zimo kwenye kalenda tayari na karo yake imeshalipwa.

Mwalimu wa sekondari, Arua: *Mimi sitaki ifutwe. Ila mnaonaje ikipunguzwa wiki mbili, shule zikafunguliwa katikati ya Januari?*

Mwalimu, wiki sita zingetosha kwa mapumziko, hapo tunakubaliana. Ugumu uko kwenye mwezi uliouchagua.

Kwanza kuna UNEB, baraza la mitihani la taifa. PLE, mtihani wa kumaliza msingi (P.7), hufanyika mwanzoni mwa Novemba, na watahiniwa wa 2024 walikaribia 800,000. Matokeo hutoka kuelekea mwisho wa Januari, ndipo kazi ya kuwachagua wa S.1 (kidato cha kwanza) inapoanza. Hata sasa S.1 huripoti baada ya wenzao. Matokeo ya UCE, mtihani wa S.4, hutoka Februari, kwa hiyo S.5 huanza baadaye zaidi. Ukifungua Januari 15, unaongeza pengo kati ya madarasa yanayoendelea na yale yanayosubiri matokeo. Pia wanaosahihisha mitihani hiyo ni walimu wenyewe, na wengi wao hukaa kwenye vituo vya kusahihishia wakati wa likizo. Shule ikifunguliwa mapema, kuna madarasa yataanza mwaka bila mwalimu wa hesabu wala wa fizikia.

Pili kuna pesa, na hapa ndipo mipango mingi ya maofisini hukwama. Kahawa ya robusta ya Buganda na Busoga huvunwa zaidi kati ya Novemba na Februari. Arabika ya mlima Elgon pia huangukia miezi hiyo. Kwenu kaskazini mvua hukatika kabla ya mwaka kwisha, na mazao yanayokaushwa Desemba ndiyo karo ya Februari. Mzazi akiambiwa alete karo Januari 15, atauza mapema wakati kila jirani anauza, au atamleta mtoto wiki tatu baada ya kufungua. Matokeo yake wiki mbili ulizoziokoa zitaliwa na watoro. Tofauti na hapo, Masaka na kusini magharibi mavuno makubwa ya kahawa huwa katikati ya mwaka, kwa hiyo mzazi wa huko angeweza kukuunga mkono. Karamoja nayo, kiangazi ndicho wakati mifugo inahamishwa kutafuta maji na malisho, na wavulana huenda nayo. Kalenda moja kwa nchi nzima haiwezi kumfaa kila mtu.

Ikibidi kupunguza, sisi tungegusa Desemba na tuiache Januari. Madarasa ya P.1 hadi P.6 yangeweza kusoma hadi Desemba 19, kwa masharti mawili. La kwanza, mitihani ya mwisho wa muhula isifanywe Novemba halafu watoto wakae wiki nne wakifagia uwanja. La pili, likizo ya Agosti irefushwe kwa wiki hizo mbili ili walimu wapumzike. Kwa Bugisu hilo lingekuwa na faida ya ziada: katika miaka ya shufwa imbalu, tohara ya kimila ya huko, huanza Agosti, na wavulana wengi huchelewa kurudi darasani.

Sekondari tungeiacha ilivyo. Novemba yote vyumba na walimu wao wamebanwa na UCE na UACE (mtihani wa S.6).

Mzazi, Jinja: *Shule imetutumia ujumbe kwamba P.6 watasoma likizo nzima kwa malipo, kujiandaa kwa P.7. Asiyekuja "asilaumu mtu". Je, ni halali?*

Hapana. Wizara ya Elimu na Michezo imepiga marufuku kufundisha wakati wa likizo, na imerudia agizo hilo mara nyingi. Omba ujumbe huo kwa maandishi yenye muhuri wa shule. Mara nyingi ombi hilo peke yake huumaliza mjadala. Wakiendelea, uupeleke kwa mkaguzi wa shule au afisa elimu wa wilaya.

Ubaya wa kochingi, yaani masomo hayo ya likizo ya kulipia, ni zaidi ya kumchosha mtoto. Mwalimu akishajua kuna muhula wa nne wa kulipwa, mada ngumu huziweka huko. Februari asiyelipa anakuta sehemu na desimali "tulishamaliza", na darasa linasonga. Aliyelipa naye amesoma mada ya P.7 kabla ya kuimarisha ya P.6, kisha anaisikia tena akiwa amechoka. Ukitaka kumsaidia mwanao, chukua mitihani yake mitatu ya mwisho wa muhula, zungushia maswali aliyokosa, uone mada zipi zimejirudia. Kwa kawaida huwa tatu au nne. Afanye hizo tu.

Shangazi, soko la Busia: *Nalea watoto watatu wa marehemu kaka yangu: wa miaka 6, 9 na 13. Nauza mukene (dagaa) tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi mwenyewe niliishia P.3. Nitawasaidiaje wasipoteze walichojifunza?*

Shangazi, hongera kwa malezi hayo. Kusimamia masomo hakuhitaji uwe msomi. Kunahitaji saa maalumu na mtu wa kusikiliza, na vyote viwili unavyo.

Wiki ya kwanza waache wapumzike kabisa. Walale, wacheze, wasaidie nyumbani. Wiki ya nane iwe ya maandalizi. Zinabaki wiki sita katikati. Kila wiki siku tano, kila siku dakika 40. Hiyo ni saa 20 kwa likizo nzima, na inatosha. Wazazi wengi hupanga saa tatu kwa siku, na kufikia siku ya tano hakuna anayefanya chochote. Chagua asubuhi, kabla hujaenda sokoni na kabla ya kazi za nyumbani, kwa sababu jioni taa ni gharama na watoto wana usingizi.

Siku ya kufunga shule, mwombe mwalimu wa darasa akuazime vitabu viwili vya kusoma, uweke sahihi. Kisha pima kama kitabu kinamfaa mtoto: wa miaka 9 asome maneno 50 kwa sauti, wa miaka 13 ahesabu anapokwama. Akikwama zaidi ya mara tano, kitabu ni kigumu, shuka darasa moja. Hapa ndipo watu hukosea sana. Wanampa kitabu cha darasa analokwenda, mtoto anakwama kila mstari, na baada ya siku tatu anakichukia.

Wa miaka 6 mpe dakika 15 tu. Dakika 5 za sauti za herufi, kuanzia zile zilizo kwenye jina lake, na dakika 10 za kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Apange 20, atenge kumi kumi, aondoe 3, aseme zimebaki ngapi. Akichoka, mwache.

Wa miaka 9 asome kwa sauti dakika 20, aandike sentensi tano kuhusu alichosoma kwa dakika 10, na dakika 10 za mwisho afanye hesabu. Kwenye hesabu, wiki sita zinalingana vizuri na jedwali la 3, 4, 6, 7, 8 na 9, moja kila wiki. Ongeza hesabu chache za kutoa kwa kukopa na za kugawanya. Hizo ndizo hupotea kwanza, kwa kuwa zina hatua nyingi na mtoto akisahau moja jibu lote limeharibika. Harris Cooper na wenzake, walipokusanya tafiti za Marekani mwaka 1996, waliona jambo hilo hilo: likizo ndefu iligharimu kama mwezi mmoja wa masomo, na hesabu ziliumia zaidi kuliko kusoma.

Wewe utajuaje kama anaendelea? Ukurasa aliosoma Jumatatu ausome tena Ijumaa. Sikio lako litakuambia kama amelainika. Kisha akusimulie kwa Kiswahili au Kisamia, nawe umuulize: ni nani, kumetokea nini, kwa nini? Akishindwa la tatu, alikuwa anatamka maneno bila kuelewa. Hesabu za kutoa azihakiki mwenyewe kwa kujumlisha kinyume mbele yako.

Siku mbili kwa wiki wa miaka 9 na wa miaka 13 wakufuate sokoni kwa saa mbili, wasizidishe. Mmoja ashike daftari lenye safu tatu: kilichonunuliwa, kilichouzwa, kilichobaki. Mwingine ahesabu chenji. Kwa kuwa uko mpakani, mpe mkubwa kazi ya kubadilisha shilingi ya Kenya kuwa ya Uganda kwa kiwango cha siku hiyo, kwanza kwa kichwa, kisha athibitishe kwa simu. Hiyo ni hesabu ya uwiano ya S.1 kabisa.

Tahadhari mbili. Pakeji ya likizo (kazi za kufanyia nyumbani) kutoka shuleni wataimaliza kwa siku tatu kwa kunakili ya jirani ili wawe huru. Igawe mafungu sita, uyafungie, utoe fungu moja kila Jumatatu. Na huyo wa miaka 13 usimgeuze mwalimu, mpishi na yaya kwa wakati mmoja. Akiwafundisha wadogo nusu saa, naye apate nusu saa yake bila kuitwa jikoni. Wiki ya nane, rudisha saa ya kuamka polepole, dakika 15 mapema kila baada ya siku mbili, na viatu vijaribiwe. Miguu hukua Desemba.

Baba, Gulu: *Binti yangu ana miaka 15. Kwangu likizo ndefu ni hatari tu. Kila Januari tunasikia mmoja amepata mimba. Heri wakae bweni.*

Baba, hofu yako ina ushahidi. Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha karibu msichana mmoja kati ya wanne wa miaka 15 hadi 19 ameshazaa au ana mimba. Na shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa kwa madarasa yote Januari 10, 2022, wasichana wengi hawakurudi. Lakini bweni la mwaka mzima halipo. Tusimamie kilicho mikononi mwetu.

Vitu viwili vina uzito: saa zisizo na mtu anayejua aliko, na mahitaji yake madogo ambayo hakuna anayeyalipia. Sodo, mafuta, nauli. Mpe pesa hiyo wewe, kila mwezi, bila kumsubiri aombe. Mkubaliane ni nyumba zipi anaweza kutembelea na saa ya kurudi, na kaka zake wapewe saa hiyo hiyo, la sivyo ataona ni adhabu ya kuwa msichana. Lipa sehemu ya karo mapema umwonyeshe risiti. Kisha mwambie waziwazi kwamba mtu akimsumbua, awe mjomba au mwalimu, utamwamini yeye kwanza. Namba ya bure ya kulinda watoto ni 116, aijue kwa kichwa.

Na mimba ikitokea, shule isikuambie basi imekwisha. Mwongozo wa Wizara wa mwaka 2020 unamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua.

Msomaji, Mbale: *Nchi zilizoendelea wanafanyaje? Nasikia wanazifuta likizo ndefu.*

Bado hawajazifuta. Shule za Uingereza hupumzika kama wiki sita Julai na Agosti, na nyingi za Marekani kama kumi. Wales ilipendekeza kuhamisha wiki moja kutoka kiangazi kwenda Oktoba, ikaahirisha mwaka 2024 baada ya maoni ya watu kugawanyika. Huko Marekani zipo shule zinazosoma siku 45 na kupumzika 15 mwaka mzima. Zinapobaki na siku zile zile 180, tofauti ya matokeo huwa ndogo sana, na hilo ndilo tunalomwambia mama wa Bwera. Jirani zetu wa Tanzania wana mihula miwili, na mapumziko yao huangukia Juni na Desemba.

Wengi hudai likizo ya Marekani ilitokana na kilimo. Si kweli. Watoto wa mashambani huko walikuwa wakisoma kiangazi na baridi, wakiacha shule wakati wa kupanda na kuvuna. Likizo ndefu ya kiangazi ilisukumwa zaidi na miji na joto lake. Kwetu wiki hizi nane zimefungamana na kahawa na UNEB, kwa hiyo kunakili kalenda ya mtu hakutatusaidia.

Mwanafunzi wa S.3, Iganga: *Mtaala mpya unatutaka tufanye miradi. Naweza kufanya wangu likizoni ili muhula nipumue?*

Unaweza kuuanza, ila muulize mwalimu kabla ya Desemba, kwani tathmini ya shuleni ni asilimia 20 ya alama zako za UCE na lazima aone kazi ikiendelea. Chagua kinachoiva ndani ya wiki nane za kiangazi. Bustani ya mboga itakudai maji kila siku. Mboji inafaa zaidi: rundo la mita moja kwenda juu na mita moja kila upande, tabaka la majani makavu, tabaka la mabichi na samadi, limwagiwe maji hadi liwe na unyevu bila kuchuruzika, kisha ligeuzwe kila wiki. Likinuka vibaya, maji yamezidi, ongeza makavu. Likibaki baridi, ni dogo mno au limekauka. Kila unapoligeuza andika tarehe, joto la katikati kwa kuingiza kijiti na kukigusa, na kimo cha rundo kwa rula. Daftari hilo lenye tarehe ndilo utakalompelekea mwalimu Februari, pamoja na mfuko mdogo wa mboji yenyewe.